Kongosho la mtoto likivimba ghafla: toka usukani wa baiskeli hadi bakuli la uji

1. Ulizia baiskeli kwanza. Tanga ni mji wa baiskeli, na ncha ya usukani ikimchoma mtoto tumboni, kongosho hubanwa kwenye uti wa mgongo. Maumivu yanaweza kuja siku kadhaa baadaye, na mtoto anaficha kwa kuogopa fimbo. Mwulize mtoto mwenyewe, mama akiwa ameenda kufungua faili. Ulizia pia selimundu (huleta mawe ya nyongo), matubwitubwi, minyoo na valproeti, dawa ya kifafa.

2. Ili kuthibitisha, vitimie viwili kati ya vitatu: maumivu ya tumbo yanayoashiria kongosho, lipesi au amilesi (vimeng'enya vya kongosho vinavyopimwa kwenye damu) iliyofika mara 3 ya kikomo cha juu cha kawaida, mabadiliko kwenye picha. Mimi ni mtu wa lipesi. Amilesi hushuka mapema, na matubwitubwi huipandisha hata kongosho likiwa zima. Gesi ikiziba altrasaundi, andika "halikuonekana", si "kawaida".

3. Maji. Hapa ndipo wodi nyingi hukosea. Akiwa na dalili za mshtuko (damu haizunguki vya kutosha mwilini), mpe dripu ya Ringa lakteti ml 10–20 kwa kilo, kisha mpime upya kabla ya kuongeza. Baada ya hapo, mara 1.5 ya mahitaji ya kawaida ya maji kwa siku, dekstrozi (sukari) 5% ikiwemo. Mtoto wa kilo 20: kilo 10 za kwanza ml 100 kila moja, 10 zinazofuata ml 50, jumla 1500, mara 1.5 ni 2250 kwa siku, yaani ml 94 kwa saa. Sasa soma pakiti ya mpira wa dripu. Wa matone 20 kwa ml ni matone 31 kwa dakika. Ule wa matone 60 ni 94. Ukichanganya, mtoto anapata theluthi ya maji au mara tatu yake. Mkojo wa mtoto huyu wa kilo 20 usipungue ml 10–20 kwa saa. Akianza kuhema haraka au uso kuvimba, punguza. Mwenye utapiamlo mkali, upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa moyo hafuati hesabu hii.

4. Paracetamol mg 15 kwa kilo kila saa 6. Isipotosha, mofini mshipani mg 0.05–0.1 kwa kilo. Usimnyime.

5. Kama ugonjwa si mkali, alishwe ndani ya saa 24–48, uji kisha chakula cha nyumbani. "Kupumzisha kongosho" kwa wiki nzima ni mazoea ya zamani. Akitapika mfululizo, alishwe kwa mpira wa puani. Antibiotiki hazihitajiki bila maambukizi.

6. Aliyegongwa arudi kwa altrasaundi baada ya wiki 4. Mfuko wa majimaji huonekana wakati huo. Mwenye mawe apelekwe kwa daktari wa upasuaji.