CV ya mwanasheria wa kampuni: jinsi ya kuiandika mpaka uitwe interviu

Wasomi habari zenu. Mimi ni mwanasheria wa kampuni hapa Dar, na kila tukitangaza nafasi idarani kwetu CV zinaishia mezani kwangu, rundo zima, na unakuta wengi ni watu wazuri kabisa ila wametuma CV ileile waliyoombea pyupileji (mafunzo ya vitendo kwa wakili) miaka ile, imejaa "nimesimama Mahakama Kuu, nimesimama Mabaraza ya Ardhi, nimesimama CMA" (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi). Sawa umesimama. Kampuni lakini inamlipa mwanasheria wake mshahara ili mambo yasifike huko, na yakifika basi yawe yameshaandaliwa vizuri, kwa hiyo CV yako inabidi imuonyeshe anayesoma kwamba hilo unalijua. Twende taratibu. CV za kazi hizi kwa kawaida zinaandikwa Kiingereza, ila mifano nitaiweka kwa Kiswahili tuelewane.

Hatua ya 1: soma tangazo kabla hujafungua Word

Tangazo lina sehemu mbili na watu wanazichanganya. Kuna sifa, yaani shahada ya sheria, Law School of Tanzania, uwakili, miaka mitatu au mitano ya kazi, hizo ni za kukuvusha mlangoni tu na anayezikagua mara nyingi ni mtu wa HR ambaye siyo mwanasheria, ana orodha yake anatiki. Alafu kuna majukumu, na hapo ndo pa kusoma mara mbili. Angalia yameanza na nini. Yakianza na mikataba jua kuna mtu wa manunuzi huko anapiga kelele mikataba inachelewa, yakianza na bodi jua wanataka wa kuandika miniti (kumbukumbu za vikao) na kuhangaika na BRELA (wakala wa usajili wa makampuni), yakianza na kesi basi wana kesi kibao na wamechoka bili za mawakili wa nje. Lile la kwanza kwenye tangazo ndo liwe la kwanza kwenye CV yako, kama umewahi kulifanya.

Hatua ya 2: robo ya juu ya ukurasa wa kwanza

Jina, simu, imeli ya kiutu uzima (ile uliyofungua fomu two iache ipumzike), mkoa unaoishi. Chini yake moja kwa moja: wakili wa Mahakama Kuu, namba ya roll (orodha ya mawakili), mwaka ulioapishwa, na kwamba leseni ya mwaka huu ni hai. Sijui kwa nini watu wanaficha hii ukurasa wa tatu chini ya "semina nilizohudhuria", mana ni kitu tunachokiangalia kwenye mfumo wa mawakili wa Mahakama kabla hata ya kupiga simu, na kama hujahuisha huisha kwanza ndo utume. Kazi ikiwa Zanzibar kumbuka kule wana Mahakama Kuu yao na roll yao, uwakili wa bara peke yake haukufikishi, so kama unao wa kote kuwili uandike wote.

Alafu mistari mitatu ya kujieleza. Mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa, futa yote hayo, kila mtu kaandika. Weka kitu kama hiki:

"Wakili mwenye uzoefu wa miaka 5, mitatu kwenye ofisi ya mawakili na miwili kwenye idara ya sheria ya kampuni ya usambazaji. Nimejikita kwenye mikataba ya ugavi, migogoro ya kazi na ukatibu wa bodi."

Imetosha.

Hatua ya 3: geuza majukumu yawe kazi zilizofanyika

Hapa ndo tukae maana ndo CV nyingi zinapofia. Mtu anakopi jobu diskripsheni yake anaipaste, "kuandaa na kupitia mikataba mbalimbali, kutoa ushauri wa kisheria kwa menejimenti, kuhudhuria mahakamani". Mimi nikisoma hivyo najua uliajiriwa ufanye nini, ila kama ulifanya sijui. Kila mstari ujibu vitu vitatu: ulifanya nini, ukubwa wake ukoje, na kampuni au mteja alipata nini. Mfano (namba ni za kubuni, weka zako):

Badala ya "kupitia mikataba mbalimbali", andika "Nilipitia mikataba kama 30 kwa mwezi ya wasambazaji na wapangaji, nikaandaa tempuleti ya mkataba wa ugavi, muda wa kupitia mkataba mmoja ukashuka kutoka wiki mbili hadi siku nne."

Badala ya "kuwakilisha mwajiri CMA", andika "Nilisimamia mashauri 12 ya kuachishwa kazi, 7 yakamalizwa kwenye usuluhishi, kisha nikaandika upya utaratibu wa nidhamu na kuwafundisha mameneja wa matawi namna ya kuendesha kikao."

Ona huo wa pili. Yeyote aliyewahi kukaa upande wa mwajiri anajua sheria ya ajira ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu halali, vyote viwili, na waajiri wengi sababu wanayo ila wanaangukia kwenye utaratibu, mtu kaiba kweli kaonekana kwenye kamera lakini hakupewa barua ya tuhuma wala muda wa kujitetea. Kwa hiyo mwombaji anayesema alishughulika na mashauri alafu akarudi kuziba shimo lilikotoka, huyo nampigia simu kabla ya mwenye ushindi wa kesi kumi.

Mnaotoka kwenye mafemu (ofisi za mawakili) msiseme hamna cha kuandika. Ile kazi ya kusajili rehani za benki, kukagua hati Ardhi, kupitia nyaraka za kampuni inayotaka kununuliwa, yote hiyo ni kazi ya kampuni mlikuwa mnaifanya kutokea nje. Iandike kwa jicho la mteja, alitaka nini na alipata lini. Ila andika unachokijua, ukisema umesajili chaji (dhamana ya mkopo juu ya mali ya kampuni) BRELA nitakuuliza muda wa kusajili ni siku ngapi na ukishindwa kusema 42 tutaangaliana.

Namba hukumbuki? Rudi kwenye daftari lako la mashauri, kwenye imeli, kwenye ripoti za mwezi ulizokuwa unamwandikia bosi. Makadirio ya kweli yanakubalika, "kama 30" siyo dhambi. Kubuni ndo usithubutu, hukumu zinawekwa TanzLII, tovuti ya wazi ya hukumu, na majina ya mawakili yamo, ile kesi unayosema uliisimamia tutaisoma.

Kama ndo kwanza umetoka Law School huna miaka, basi taja ulichodrafti kwa mkono wako kwenye fildi au kwenye msaada wa kisheria, hata kama ni notisi za madai. Usijaze masomo uliyosoma.

Hatua ya 4: ongea lugha ya sekta yao

CV moja haiendi benki na mgodini. Mstari mmoja au miwili ya kuonyesha unajua nani anawabana wao inabadilisha kila kitu. Benki wanaishi na BoT na sheria ya utakatishaji fedha ya 2006, na wanajali sana dhamana na ukusanyaji wa madeni. Kampuni za simu wana TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na ile sheria ya mawasiliano ya 2010. Migodini watakuuliza kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za 2018. Bima ni TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Anayeuza kwa serikali lazima awe na mtu anayeijua sheria ya manunuzi ya 2023 na mfumo wa NeST (wa manunuzi ya serikali mtandaoni), na kampuni inayopenda kununua wenzake inataka aliyewahi kupeleka maombi FCC (Tume ya Ushindani).

Na kuna eneo moja ambalo sasa hivi linauza karibu kila sekta, taarifa binafsi. Sheria ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kampuni zinatakiwa zijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ziwe na afisa wa kusimamia, na ofisi nyingi wamelitupia idara ya sheria. Kama umewahi kusajili kampuni huko au kuandika sera yake, lipandishe juu.

Ushauri mdogo: taja sheria kwa jina, achana na namba za vifungu. Toleo la Urekebu la 2023 (sheria za nchi zilizopangwa upya) lilipoanza kutumika Julai 2025 vifungu kadhaa vilihama namba, CV yenye namba za zamani inakusema kwamba hujafungua sheria siku nyingi.

Hatua ya 5: linda siri za watu

Hii ni ndogo ila inaua. Mtu anaandika jina la mteja, thamani ya dili, na kwamba walimalizana kwa shilingi ngapi nje ya mahakama. Mimi nikisoma naona siku atakapotoka kwetu na sisi tutaandikwa hivyohivyo. Andika "benki ya biashara", "mwekezaji wa nje kwenye nishati", thamani weka ya kukadiria au acha. Kilichoko kwenye hukumu ya wazi kitaje, kingine kaa nacho.

Hatua ya 6: kufyeka

Kurasa mbili, ukiwa na miaka zaidi ya kumi basi tatu. Dini, kabila, hali ya ndoa, picha, namba ya NIDA, toa vyote, hasa hiyo NIDA, mtu anaomba kazi ya kulinda taarifa binafsi huku za kwake kazimwaga. Shule ya msingi toa. Lugha weka, na kama unadrafti kwa Kiswahili vizuri sema uliandaa nini, sera ya wafanyakazi au mikataba ya madereva kwa mfano, mana tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama, na wanaoweza kweli kuandika mkataba wa Kiswahili unaoshika ni wachache kuliko wanaosema wanaweza.

Wadhamini watatu, mmoja awe mtu uliyemfanyia kazi ambaye siyo mwanasheria, meneja wa fedha au wa manunuzi. Mwambie kabla, asije akapigiwa akasema "nani huyo?"

Na nakala za vyeti wakitaka zithibitishwe, peleka kwa wakili mwenzio. Nimeshapokea zimegongwa muhuri wa mwombaji mwenyewe.

Hatua ya 7: kutuma

PDF moja, jina la faili liwe jina lako na nafasi, siyo "CV mpya final final 3". Barua ya maombi nusu ukurasa, itaje shida moja ya sekta yao na kitu kimoja ulichowahi kufanya kinachofanana nayo. Za serikali na mashirika ya umma zinazopita Ajira Portal unajaza kwenye mfumo wao, huko fuata visanduku vyao ila mistari yako ya hatua ya 3 ingiza ilivyo. Mpe mtu asiye mwanasheria aisome kabla hujatuma, alafu muulize wewe unafanya kazi gani hasa. Akijibu "unaendaga mahakamani" rudi hatua ya 3.