Somo: Tuipasue 720,720 bila kalkuleta

Asalaam aleikum wapenzi wa hesabu. Jana baada ya laasiri nilikuwa na watoto wa tuisheni hapa Chake Chake, Pemba, nikawaandikia 720,720 ubaoni, wote wakakimbilia kalkuleta kwenye simu, roho iliniuma maana namba hii ni tamu mno na kalamu tu inatosha kuipasua mpaka zibaki namba tasa, yaani zile zisizogawika ila kwa 1 na zenyewe. Haya twendeni.

Hatua ya 1. Itazame kwanza kabla hujaigusa. 720 halafu 720 tena, yaani 720 elfu ukaongeza 720, kwa hiyo ni 720 × 1,001. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia hivi inakuwa imezidishwa kwa 1,001, jaribu 358,358 utaona.

Hatua ya 2. 1,001 ni 7 × 11 × 13. Hapa ndo penye utamu wenyewe, watu wanahangaika kugawa kwa 7 kwa 13 karatasi inajaa, kumbe zote tatu zimekaa humo pamoja.

Hatua ya 3. 720 ni 16 × 9 × 5. Basi:
720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13
Zilobaki ni namba tasa tupu, hapapasuki tena.

Hatua ya 4. Vigawo vingapi, yaani namba ngapi zinaigawa bila baki? Chukua vipeo, vile vidogo vya juu (pasipoandikwa kitu ni 1): 4, 2, 1, 1, 1, 1, kila kimoja kiongeze 1 kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Wallahi hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi hivyo. Tena ndo KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawika kwa zote) ya 1 mpaka 16, zote zinaigawa bila baki.

MASUALI

Mwalimu, hiyo 1 unaiongeza kwa nini?
– Kwa sababu 2 unaweza kuichukua mara 0, 1, 2, 3 au 4, hizo njia tano sio nne. Ile ya kutoichukua kabisa ndo watoto wanaisahau kila mtihani.

Na 17 jee?
– Haimo, inabaki 5. Ukiitaka zidisha kwa 17, unapata 12,252,240. 18 usiihangaikie, 2 na 9 zimo toka mwanzo.

Mwalimu nikizipanga hizo 720,720 kama miche ya mikarafuu, shamba likaribie mraba, nipige mistari mingapi?
– Suali zuri sana hili dada yangu. Kipeuo cha pili chake kinakaribia 849, sasa teremka mojamoja ukitafuta iliyojengwa kwa zile tasa zetu tu. 848 ina 53 ndani, hatuna. 847 inadanganya, ni 7 × 11 × 11 na sisi 11 tunayo moja. 845 nayo inataka 13 mbili. Endelea hivyo hivyo, ya mwanzo kukubali ni 840 na mwenziwe ni 858. Mistari 840, kila mmoja miche 858, zidisha kwa mkono uone.