Umeshapimwa kiungulia, majibu bado: la kufanya ukingojea

Kabla hujatoka chumba cha kipimo, muulize daktari au nesi: je, kuna kipimo kingine kimebaki? Jibu lake ndilo linaloamua unywe dawa gani mpaka karatasi itoke, na watu wengi huondoka bila kuuliza.

Kama bado unadaiwa kipimo cha pylori (bakteria wa tumboni wanaoleta vidonda), cha choo au cha kupuliza pumzi, basi omeprazole na ndugu zake (esomeprazole, pantoprazole, lansoprazole) ziachwe wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki yoyote iachwe wiki 4 kabla. Dawa hizo huwapunguza bakteria bila kuwamaliza, kipimo kikasema hasi na wao bado wamo. Hii ndiyo hasara ya kupita duka la dawa na kununua “dozi ya vidonda” kwa sababu umechoka kungoja: umetumia pesa, umeharibu kipimo, na unaanza kuhesabu wiki upya. Kipimo cha asidi cha saa 24, ule mrija mwembamba unaopitishwa puani, kwa kawaida hutaka dawa hizo ziachwe siku 7. Usiziache kwa kukisia, maana kuna wagonjwa ambao daktari huwataka wapimwe wakiwa wanaendelea na dawa.

Kama hakuna kilichobaki, kinyama (kipande kidogo kilichokatwa ndani kwa uchunguzi) kilichokwisha kutiwa kwenye kichupa hakibadiliki kwa kidonge utakachomeza leo. Muulize daktari kama uanze au urudie dawa. Ukiruhusiwa, meza omeprazole dakika 30 hadi 60 kabla ya staftahi. Ukiimeza usiku kifua kikishawaka, nguvu yake nyingi inapotea bure.

Aliyekuwa akitumia omeprazole miezi mingi kisha akaiacha ghafla huenda akaungua zaidi ya mwanzo kwa wiki chache. Tumbo lililozuiwa kutoa asidi hutoa kwa fujo likifunguliwa, na hilo peke yake si dalili kwamba ugonjwa umezidi. Kipindi hicho vidonge vya magnesiamu vya kutafuna husaidia na havivurugi kipimo cha choo, ila usivitumie siku ya kipimo cha asidi, na mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Magadi tusingemshauri mtu. Yana sodiamu nyingi, na mwenye presha hujiongezea tatizo la pili.

Sasa muda. Alichokiona daktari kwa kamera inayopitishwa kooni hujulikana siku ileile. Picha ya eksirei ya kunywa dawa nyeupe ya bariamu huwa tayari haraka pia, na kinachongojewa ni mtaalamu kuisoma. Choo kikiwa cheupe siku mbili tatu usishtuke, bariamu inatoka. Kunywa maji mengi isije ikakufungia tumbo. Kipimo cha pylori cha choo mara nyingi hutoka siku hiyo au ya pili yake.

Kinachochelewa ni kinyama. Hulowekwa kwenye fomalini, hukaushwa maji, hugandishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hutiwa rangi, ndipo mtaalamu wa patholojia akiangalie kwa darubini. Hapo siku kadhaa zimekwisha, na sampuli ikisafirishwa kwenda maabara ya mji mwingine majibu yanaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kuchelewa hakuna maana kwamba wameona kitu kibaya, wala kuchukuliwa kinyama hakuna maana kwamba unashukiwa saratani. Hukatwa pia kutafuta pylori na kuona kuvimba kwa utando kusikoonekana kwa macho.

Kwa hiyo ondoka na haya yameandikwa: idadi ya vinyama, vimepelekwa maabara ipi, namba ya sampuli, namba ya faili lako, na simu ya kuulizia. Angalia jina. Kadi ikisema Mwanahamisi na kichupa kikisema Mwanakhamis, majibu yanaweza kukaa kabatini yakimtafuta mwenyewe. Anayetoka Pangani, Lushoto au Handeni apige simu kwanza kabla ya kupanda basi kuja Tanga mjini, na kama alipewa rufaa hospitali ya Muhimbili au KCMC, aulize kama karatasi inaweza kutumwa kwa daktari wake wa Tanga.

Usiku ndio mgumu. Weka vipande vya mbao au matofali chini ya miguu ya kitanda ya upande wa kichwani, kichwa kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakufai, kunakunja tumbo na kuisukuma asidi juu. Lalia ubavu wa kushoto. Chakula cha mwisho kiliwe muda wa saa 3 kabla ya kulala, na aliyekula akashiba asiiname mara moja. Kanga ilegezwe kiunoni, kwa sababu fundo lililokazwa chini ya mbavu linaminya tumbo lenyewe.

Kuhusu vyakula, usijinyime kila kitu. Andika kwenye daftari: saa, ulichokula, kilichotokea, ulikuwa umelala au umekaa. Mathalani, “saa 3 usiku, viazi karai na ukwaju, saa 5 nimelala, uchungu kooni, nimekaa, umeshuka.” Baada ya wiki utajua kama adui yako ni machungwa ya Muheza, kahawa chungu, pilipili, au ni wingi wa sahani tu. Daktari atalisoma daftari hilo kwa faida kuliko “naungua sana”. Maumivu mengine yakija, epuka diclofenac na ibuprofen, tumia paracetamol. Aspirini uliyoandikiwa ya moyo usiiache bila daktari.

Usingojee karatasi ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, choo kikiwa cheusi kama lami, chakula kikikwama, au ukipata maumivu makali ya kifua au tumbo au homa baada ya kamera. Kifua kikibana na maumivu yakaenda mkononi au tayani huku jasho likitoka, hiyo uichukulie kuwa ni moyo mpaka hospitali ikuthibitishie vinginevyo.

Karatasi ikitoka, tafuta herufi LA (mpangilio wa ukali wa michubuko) na inayofuata. A na B ni michubuko midogo ya umio, yaani njia ya chakula kwenda tumboni, C na D ni mikubwa. Neno Barrett maana yake chembe za umio zimebadilika kwa kuunguzwa muda mrefu; linahitaji ufuatiliaji, na wengi wenye hali hiyo hawapati saratani. Kamera ikiwa safi usikubali kuambiwa huumwi: wengi wenye asidi kupanda umio wao huonekana mzima, na hapo ndipo kipimo cha saa 24 kinapohitajika. Pylori ikiwa chanya itibiwe, ila fahamu kwamba yeye siye anayepandisha asidi, na kiungulia kinaweza kubaki. Ukimaliza dozi, ngoja angalau wiki 4 ndipo urudie, kwa choo au pumzi. Usirudie kwa damu, maana kipimo cha damu kinaweza kuendelea kusema chanya muda mrefu hata bakteria wakiwa wamekwisha.