Mambo ya kuzingatia kabla hujakaa mezani kudifendi bridge

Watu wakianza bridge, ule mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, wanakesha na mnada wa kutafuta kontrakti, nani anafungua na pointi ngapi, nani anajibu nini, halafu ikifika kudifendi, yaani kuwazuia walioshinda mnada, wanatupa karata kama maganda ya karanga. Piga hesabu mwenyewe: robo ya migao unacheza kontrakti (ahadi ya kuchukua triki kadhaa, triki ni mzunguko mmoja wa karata nne), robo uko dami, yaani patna wa anayecheza, karata zako zimelazwa mezani nawe umekaa unaangalia ukuta, nusu yote iliyobaki unadifendi. Sasa hiyo nusu ndo hujajiandaa nayo?

Ya haraka kwanza. Mtu wa pili kwenye triki aweke ndogo, wa tatu aweke kubwa, hii unaijua, ina vighairi vyake lakini anza nayo. Dhidi ya kontrakti ya turufu (aina moja inayokata nyingine zote) usianze na karata ndogo kwenye aina, iwe kopa au uru, ambayo ree (A) unayo wewe, utakuja kuona mwenye kontrakti ana mfalme peke yake na ree yako ikikatwa baadaye. Ukiwa na mfalme, malkia na jeki za aina moja, anza na mfalme, usijifanye fundi. Na karata usiibamize mezani kwa kishindo kama tuko kijiweni, kwenye bridge kishindo ni kama kumsemesha patna na hairuhusiwi.

Jifunze sheria ya 11 kabla hujaja, dakika tano tu. Patna akianza na karata yake ya nne kutoka juu, toa namba yake kwenye 11, jibu ni idadi ya karata za aina hiyo zinazoizidi kwa watu watatu waliobaki. Ameanza na 7, zimebaki 4. Mbili unaziona kwa dami, mbili unazo wewe, basi mwenye kontrakti hana hata moja ya kuishinda hiyo 7, iache itembee, usiirukie na jeki yako.

Pointi nazo zihesabu, ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Pakiti nzima ina 40. Mwenye kontrakti amefungua 1 bila turufu, tuseme mmekubaliana mezani kuwa ni 15 hadi 17, dami kalaza 10, wewe una 8, patna wako ana kama 6 hivi, basi usimdai miujiza.

Sasa hili ndo lililoniunguza. Kubalianeni ishara na patna KABLA, na mkikubaliana uzifuate, sio unakubali kwa kichwa tu. Mimi siku hiyo nilikaa na mzee mmoja mpole sana, akaniuliza tukiwa bado na chai, mwanangu, mwenye kontrakti akicheza aina ya dami tunaoneshana idadi eeh, kubwa kisha ndogo maana yake shufwa, ndogo kisha kubwa witiri? Nikasema sawa mzee, huku namtafuta mwenye maandazi.

Mgao ukaja, wao wako 3 bila turufu, yaani wanatakiwa triki tisa, dami kaweka uru tano, mfalme, malkia, jeki, 10 na 9, na nje ya hapo hana karata hata moja ya kushinda triki ili mwenye kontrakti arudi kucheza kutoka kwa dami. Mimi nimekaa nyuma ya dami na ree, 7 na 3. Mwenye kontrakti akatoa 4, mzee akaweka 8, dami mfalme, mimi nikaikalia ree nikaweka 3, hapo nikajiona bingwa kabisa. Dami akarudi na malkia, nikaanza kutetemeka, ree isije ikafa mkononi bure, nikaila. Mwenye kontrakti alikuwa na uru moja imebaki, alivyopata nafasi akaingia nayo kwa dami akafagia jeki, 10 na 9. Uru nne, na tano za kwake huko kwingine, tisa kamili. Ningengoja triki moja tu zaidi angekuwa hana uru tena, zile mbili za mwisho zingeozea mezani kwa dami, angebaki na saba. Badala ya sisi kupata alama 200 wao wakaandika alama 600.

Mzee hakugomba. Aliniuliza tu taratibu, mwanangu, ile nane ilikuwa inakwambia nini? Ndo nikahesabu, dami tano, mimi tatu, nane ya mzee inaanza kubwa yaani anazo mbili, jumla kumi, za mwenye kontrakti ni tatu. Jibu lilikuwa mezani tangu triki ya kwanza. Ningekuwa nimeamua dami alipofunguka tu, ile hofu isingenikuta.

Kwa hiyo dami akilaza karata tulia, hata kama mwenye kontrakti anakimbiza. Hapo ndo pa kufikiria, sio ree inapoitwa, maana ukigugumia pale umeshamwambia kila mtu kuwa unayo, na patna wako haruhusiwi kutumia kugugumia kwako. Na kujifanya unafikiria wakati una karata moja tu ya aina hiyo ni hila iliyokatazwa, usiige.

Mazoezi ingia Bridge Base Online ucheze na roboti, lakini roboti hakuulizi nane ilikuwa inasema nini, tafuta na binadamu. Mkikosea msigombane mgao ukiendelea, subirini uishe, au subirini hadi chai. Usije na njaa. Usije umechelewa ukakaa na patna hamjaongea lolote. Na kama unavaa miwani ilete, kopa na uru zote nyekundu, ukikosa kufuata aina na kumbe unayo unaweza kutozwa triki moja au mbili na hapo hata mzee mpole atakuangalia vibaya.