SOMO: Kununua na kuuza helmeti za zamani za Kijerumani bila kulizwa

Habari zenu wadau. Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu hizi helmeti za Kijerumani, nyingine maswali ya haraka haraka tu ya "mkuu hii ni orijino?" na picha moja imepigwa kwa mbele, sasa nimeona bora niandike yote sehemu moja ili na wengine wafaidike. Niko huku Ujerumani miaka ya kutosha na Jumapili zangu nyingi zinaishia kwenye magulio ya vitu vya zamani, nimenunua, nimeuza, na nimeumizwa pia, ntawaeleza hapo chini.

Nitaongelea zaidi Pickelhaube, ile helmeti ya ngozi yenye ncha juu, halafu ile ya chuma ya vita vya kwanza. Za enzi za Hitler ntazigusa kidogo tu.

Kama una haraka na huna muda wa kusoma yote basi shika hili moja: helmeti igeuze kwanza uchungulie ndani, hadithi ya muuzaji isubiri. Kila muuzaji ana babu aliyepigana Verdun, ile vita kubwa ya 1916 kule Ufaransa.

HATUA YA 1: Jua unatafuta nini

Pickelhaube ilianza Prussia mwaka 1842 chini ya Mfalme Friedrich Wilhelm IV, baadae falme nyingine za Kijerumani zikafuata, Bavaria wao walichelewa mpaka 1886. Ndio maana bati la mbele linatofautiana. Prussia wana tai na maneno "Mit Gott für König und Vaterland", Bavaria wana simba wawili na "In Treue fest", Württemberg "Furchtlos und trew", Saxony wao wana nyota kubwa. Ukiona duara juu badala ya ncha, hiyo kwa Prussia ni ya mizinga.

Vita ilipoanza 1914 ngozi ikawa shida maana nyingi ilikuwa inatoka Amerika ya Kusini na Waingereza walikuwa wamefunga bahari, kwahiyo wakatengeneza za kitambaa kigumu cha sufu, nyingine za bati jembamba. Mwaka 1915 ikatoka ya vyuma vya kijivu na ncha ya kuzungusha unaitoa, ili askari wa kwenye mahandaki asionekane kwa mbali. Halafu 1916 ikaingia ya chuma kabisa pale Verdun na Pickelhaube ikabaki ya maonesho.

Kabla hujatoa hata yuro moja nenda ukaone za kweli. Makumbusho ya jeshi ya Ingolstadt, ya Dresden na ya Rastatt wanazo, simama mbele ya kioo hata saa nzima, angalia ngozi ya kweli ya miaka zaidi ya mia inavyokuwa, ule mpasuko mwembamba mwembamba kama tope lililokauka. Jicho likishazoea, feki nyingi zinajikataa zenyewe.

HATUA YA 2: Kukagua Pickelhaube (hapa ndio penyewe, someni taratibu)

Niliponunua yangu ya tatu nilikuwa nimeshajiona mjuzi. Ilikuwa asubuhi ya baridi kwenye gulio moja, muuzaji mzee mpole, helmeti inang'aa, tai ya Prussia safi kabisa, bei nzuri, nikalipa keshi nikaondoka. Nyumbani nikatoa vile vikabari vya ngozi vinavyoshika bati kwa ndani nikalinyanyua. Chini yake kulikuwa na matundu manne. Mawili yamekaa sawa na vishikizo vya lile bati, mawili mengine yamezibwa na kitu cheusi kama lami, na kwenye ngozi kuna kivuli cha bati lingine kabisa, dogo zaidi. Yaani kofia ilikuwa ya ufalme mwingine, mtu akaibandika tai kwa sababu tai inauzika. Vitu vyote ni vya zamani kweli, ila ni ya kuungaunga, na thamani yake ilikuwa kama nusu ya niliyolipa. Yule mzee sikumuona tena.

Kwahiyo matundu ndio cha kwanza. Geuza helmeti, hesabu matundu nyuma ya bati la mbele. Bati likitoka, ngozi iliyokuwa chini yake inatakiwa iwe nyeusi na laini kuliko sehemu nyingine maana haijapigwa na mwanga miaka yote hiyo, na kivuli kifanane na bati lenyewe. Kisipofanana, uliza.

Cha pili bitana. Ya askari wa kawaida ni vipande vya ngozi vilivyokatwa kama vidole na kamba inayovikusanya juu. Ya ofisa ni mkanda wa ngozi laini wa jasho na hariri juu yake, halafu ukingo wa mbele kwa chini umepakwa kijani na wa nyuma umepakwa nyekundu. Pia kitako cha ncha cha ofisa kimeshikwa na vichwa vya umbo la nyota, na bati limefungwa kwa skrubu na nati. Sasa kuna watu wanachukua ya askari wanaweka nyota nne na kupaka rangi chini wanauza ya ofisa, ila ngozi ya askari ni nene na nzito, hiyo hawawezi kuificha, ishike mkononi tu utajua.

Mihuri inakuwa kwenye ukingo wa nyuma kwa ndani au juu kwenye ngozi: saizi, mtengenezaji, kikosi, na herufi BA pamoja na namba ya kirumi, hiyo ni ghala la nguo la jeshi. Muhuri wa kweli umezama ndani ya ngozi na umefifia pamoja nayo. Ukiona wino mweusi tiii juu ya ngozi iliyochakaa, mashaka.

Kokadi za pembeni nazo, vile vibeji vya duara vya rangi: kuanzia 1897 ya kulia ni ya Ujerumani nzima, nyeusi nyeupe nyekundu, ya kushoto ni ya ufalme husika, Prussia nyeusi-nyeupe-nyeusi, Bavaria nyeupe-bluu-nyeupe. Kwahiyo simba wa Bavaria mbele na kokadi ya Prussia kushoto, kuna mtu kaingiza mkono hapo.

Mwisho tembea na tochi ya UV, hizi hizi za kukagulia noti. Uzi wa kisasa na rangi za kisasa vinawaka bluu kali gizani. Sio ushahidi wa asilimia mia maana uzi wa pamba ukifuliwa na sabuni ya siku hizi nao unawaka, ila mshono wote ukiwaka rudisha taratibu mezani.

HATUA YA 3: Za chuma

M16, yaani ile ya chuma ya 1916, ina vile vipembe viwili pembeni vyenye tundu la hewa, vilikuwa vya kuning'iniza bamba zito la paji la uso. Ndani upande wa kushoto kuna muhuri wa kiwanda na saizi, kwa mfano ET64, hiyo ET ni kiwanda cha Thale, au Q66, Quist wa Esslingen. Tofauti na M18, yaani ya 1918: kwenye M16 mkanda wa kidevu umeshikwa na chuma chenyewe, kwenye M18 umehamia kwenye bitana.

Angalieni sana zile za rangi rangi. Agizo la kupaka mabaka lilitoka tarehe 7 Julai 1918, lina jina la jenerali wao Ludendorff, mabaka ya kijani, njano ya udongo na kahawia yaliyotenganishwa na mstari mweusi wa upana wa kidole. Zina bei kubwa kuliko za kawaida na ndio maana watu wanakaa gereji wanapaka mpya. Rangi ya kweli imekwanguka sehemu ambazo mkono na ukuta wa handaki viligusa, na kutu inatoka chini ya rangi kuja juu. Kutu ikiwa chini na rangi imepita juu yake kama blanketi, hiyo imepakwa juzi.

Na kuna zinazouzwa za Kijerumani sio za Kijerumani. Ya Hungaria ya 1938 ina kishikizo cha pembe nne nyuma. Ya Hispania Z-42 ina kishikizo cha beji mbele. Ni helmeti nzuri tu, ila zina bei yake.

HATUA YA 4: Malipo

Fupi. Omba picha kumi: pande zote, juu, ndani, nyuma ya bati, mihuri, mishono. Ukilipa kwa PayPal lipa kama bidhaa, usikubali ile ya kutumiana marafiki ili "tuokoe makato", ukitapeliwa hapo hela imekwenda. Pickelhaube ya kawaida ya askari inaenda mamia kadhaa ya yuro, za maofisa na za vikosi vya walinzi wa mfalme zinaingia maelfu, kwahiyo ukiona ya ofisa kwa yuro mia mbili jiulize mara mbili. Kujua bei halisi fuatilia matokeo ya minada, Hermann Historica wa pale karibu na München wanauza sana hivi vitu, soma bei iliyouzwa na usisome bei aliyoomba mtu.

HATUA YA 5: Kuuza

Hapa naomba mnisikilize kwa moyo, maana soko hili tunaliharibu wenyewe. Kama umebadilisha mkanda, sema. Kama kokadi moja umeitoa kwingine, sema. Andika kabisa "mkanda wa kidevu ni nakala" hata kama mnunuzi hajauliza, utauza kwa bei ya chini kidogo leo, ila yule mtu atarudi kwako miaka kumi. Kitu ukikiuza bila maelezo, anayefuata anakiuza kama orijino, baada ya mikono mitatu hakuna anayejua ukweli tena na kijana mmoja mahali anatoa mshahara wake wa mwezi.

Usisugue shaba ing'ae. Usipake kiwi wala mafuta kwenye ngozi, ile weusi wake ni lakka na ukiilainisha inabanduka kama gamba. Vumbi toa kwa brashi laini, basi.

Kutuma: jaza ndani karatasi laini isiyo na asidi, ncha kama inazunguka itoe ifunge peke yake, boksi ndani ya boksi. Ncha iliyobaki juu inatoboa boksi njiani, nimeona.

SHERIA

Ujerumani kifungu 86a cha sheria ya makosa ya jinai kinakataza kuonesha hadharani alama za Nazi, isipokuwa kwa elimu, utafiti na kama hivyo. Ndio maana muuzaji wa huku akiweka picha ya helmeti ya 1940 anaifunika swastika. Austria wana sheria yao kali ya tangu 1947. Pickelhaube na M16 za enzi za Kaiser, mfalme wa Ujerumani kabla ya Hitler, hazina shida hiyo. Na kuchimba porini kutafuta masalia bila kibali cha mamlaka ya mambo ya kale ni kosa, tena kule chini kuna mabomu yanayolipuka mpaka leo na mifupa ya watu. Mimi helmeti ya kuchimbwa sinunui.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shikamoo, niko Tanga. Kuna mzee anauza Pickelhaube anasema ni ya askari wa Kijerumani aliyepigana hapa 1914. Nichukue?

Marahaba kijana. Vita ya Tanga ni kweli, Novemba 3 mpaka 5, 1914, ila Pickelhaube haikuwa vazi la jeshi la huku. Askari wa Schutztruppe, hilo jeshi la koloni la Kijerumani, walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kushuka shingoni, mbele tai ya chuma, na Wajerumani wenyewe walivaa helmeti ya jua au kofia pana ya kijivu iliyokunjwa upande mmoja. Kwahiyo inaweza kuwa helmeti ya kweli iliyokuja baadae na mtu, ila hiyo hadithi usiilipie. Na kama ni kitu kilichotoka ardhini wasiliana kwanza na watu wa Mambo ya Kale, Tanzania kuna sheria yake tangu 1964.

Swali: Yangu haina muhuri wowote ndani. Feki?

Sio lazima dada. Askari aliyekuwa na uwezo aliruhusiwa kujinunulia yake nzuri zaidi kwa hela yake, hizo hazikupita ghala la jeshi kwahiyo mara nyingi hazina mihuri ya kikosi. Za maofisa pia ndivyo. Angalia ubora wa ngozi na bitana, ikiwa ngozi nene ya kawaida kabisa na haina muhuri hapo ndio tuanze kuuliza.

Swali: Kaka nimepata M35, ile ya chuma ya enzi za Hitler, yenye alama ya SS, kikosi chake cha chama, mwenye nayo anataka bei poa sana. Unaionaje?

Hiyo alama ndio inayofojiwa kuliko zote kwenye ulimwengu huu wa helmeti, na kwa bei poa jibu unalo. Mimi binafsi sizinunui hata zikiwa za kweli, sitaki kuwa nazo ndani ya nyumba nilipo na watoto.

Swali: Ushuru inakuwaje?

Kitu chenye zaidi ya miaka 100 kinaingia kundi la forodha namba 9706, antiki. Ukiingiza Uingereza kodi ya VAT ni 5%. Andika kwenye fomu ni antiki na mwaka wake, ambatanisha risiti na picha. Ya vita vya pili haijafika miaka 100 kwahiyo haimo. Kwa Ujerumani, Dar, Mombasa na Muscat muulize wakala wako wa forodha kabla hujalipa muuzaji.

Swali: Ukingo wa mbele umeachia mshono nusu, fundi viatu wa mtaani anasema anaweza kuushona kwa siku moja. Nimpe?

Usimpe tafadhali. Fundi viatu atatoboa matundu mapya kwa sindano yake, ngozi ya umri huo itakatika kama karatasi ya stempu. Mtafute mtu wa kukarabati ngozi za makumbusho, apite kwenye matundu yale yale ya zamani kwa uzi wa kitani. Akishindwa, iache hivyo hivyo, ikalishe juu ya kichwa cha karatasi laini sehemu yenye unyevu wa wastani, mbali na dirisha. Na vile vipande vya uzi wa zamani vilivyodondoka usitupe, viweke kwenye bahasha uandike vimetoka wapi, siku ya kuuza mpe mnunuzi pamoja na helmeti.