Kuchagua Propela Inayoifaa Boti Yako ya Uvuvi

Wavuvi wengi wa pwani hununua propela kwa kufuata ile iliyovunjika: huibeba hadi dukani, huomba nyingine yenye namba zile zile, nao hurudi baharini. Utaratibu huo hauna kosa ikiwa propela ya kwanza ilichaguliwa kwa ajili ya boti hiyo. Mara nyingi, hata hivyo, propela ya kwanza ilikuja na mashine kutoka kiwandani, na kiwanda hakikuwa na njia ya kujua kama mashine hiyo ingefungwa kwenye boti nyepesi ya faiba, kwenye mashua ya mbao yenye mkuku mzito, au kwenye boti ya ringneti (wavu mkubwa wa kuzungushia samaki) inayoondoka jioni ikiwa na wavu, taa, barafu na watu zaidi ya kumi.

Anza kwa kusoma namba. Kwenye kitovu cha propela, au kwenye panga mojawapo, utakuta namba mbili zinazohesabiwa kwa inchi, kwa mfano 11 1/8 x 13. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu, mithili ya skrubu katika ubao. (Kamusi huiita propela rafadha, neno zuri ambalo muuza vipuri huenda asilitambue, kwa hiyo hapa natumia lile la dukani.) Yamaha huongeza herufi mwishoni, kama vile J au G, kuonyesha kundi la mashine ambalo propela hiyo imetengenezewa. Herufi isipolingana, meno ya ndani ya kitovu hayataingiliana na meno ya shafti, hata kama namba nyingine zote ni sawa. Kipenyo hubanwa na nafasi iliyopo chini ya mashine, hivyo ni nadra kukibadilisha kwa kiasi kikubwa. Kazi ya kuchagua hubaki hasa kwenye pichi.

Pichi kubwa ni kama gia kubwa ya lori. Barabara ikiwa tambarare na lori likiwa tupu, gia hiyo hukimbiza. Lori hilo hilo likipakiwa mawe na kuelekezwa mlimani, injini hukoroma na kushindwa kupanda mizunguko. Ndiyo maana imani iliyoenea bandarini, kwamba pichi kubwa ndiyo mwendo mkubwa, huwatia wengi hasara. Mashine inayolemewa haifikii mizunguko ambayo nguvu yake kamili hupatikana, huchoma mafuta mengi kwa mwendo mdogo, hujaza masizi kwenye plagi, na pistoni zake hupata joto la kupita kiasi. Pichi ndogo mno nayo ina madhara yake: mashine huzunguka kupita mpaka wake, na beringi na konrodi huchakaa kabla ya wakati.

Kwa hiyo swali la kwanza si boti inakwenda kasi gani, bali mashine inazunguka mara ngapi kwa dakika mafuta yakifunguliwa hadi mwisho. Kitabu cha mashine hutaja kiwango hicho. Mashine nyingi za mipigo miwili zinazotumika kwa uvuvi huandikiwa mizunguko kati ya 4,500 na 5,500. Ikiwa boti haina kipima mizunguko, nunua kile kidogo cha kidijitali ambacho waya wake huzungushwa kwenye waya wa plagi, ukihakikisha kimepangwa kulingana na aina ya mashine yako, kwa sababu kikipangwa vibaya kinaweza kuonyesha nusu au maradufu ya hali halisi.

Fanya jaribio asubuhi kabla upepo haujaamka, ikiwezekana siku za maji mafu ambapo mkondo ni dhaifu, na upite njia moja kwenda na kurudi ili upate wastani. Fanya hivyo mara mbili: boti ikiwa tupu, kisha ikiwa na mzigo wa siku ya kazi, yaani watu wote, mafuta, barafu na nyavu, au mifuko ya mchanga yenye uzito unaokaribiana na wa samaki. Jaribio la pili ndilo hurukwa na karibu kila mtu. Boti hujaribiwa na fundi mmoja na galoni moja ya petroli, kila mtu hufurahi, na wiki moja baadaye nahodha analalamika kwamba mashine mpya haina nguvu.

Kanuni ya mafundi ni kwamba kupunguza pichi kwa inchi moja huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 hivi, na kuiongeza hupunguza kwa kiasi hicho hicho. Tuchukulie boti ya faiba ya futi 23 yenye mashine ya farasi 40 na propela ya pichi 13, ambayo ikiwa tupu inafika mizunguko 4,950 na ikiwa na mzigo inafika 4,400. Tupu iko ndani ya kiwango. Na mzigo iko chini yake, na hapo ndipo inapoumia kila siku. Ukiweka pichi 11, tarajia 4,700 hadi 4,800 ikiwa na mzigo na 5,250 hadi 5,350 ikiwa tupu, na hali zote mbili ziko salama. Ukiweka pichi 10, mzigo utapata 4,850 hadi 5,000, lakini boti tupu inaweza kugusa 5,500 au kuvuka kidogo. Kwa mvuvi wa mshipi anayekwenda mbali na kurudi na mzigo wa wastani, ningechagua 11. Kwa boti ya ringneti, ambayo ni nadra kuwa tupu, ningechagua 10 na kumwambia nahodha apunguze mafuta siku anayorudi bila kitu.

Ukishapata mizunguko sahihi, linganisha mwendo wa hesabu na mwendo halisi. Zidisha mizunguko kwa pichi, gawanya kwa uwiano wa gia unaotajwa kitabuni, kisha gawanya kwa 1,215. Jibu ni maili za baharini kwa saa. Kwa mizunguko 4,800, pichi 11 na uwiano wa 2, jibu ni karibu 21.7. Ikiwa GPS inaonyesha 15, propela inateleza majini kwa karibu theluthi moja. Boti nyepesi inayopanda juu ya maji huteleza kwa asilimia 10 hadi 20, na boti nzito huteleza zaidi, kwa hiyo theluthi kwa boti iliyopakia si jambo la kushtua. Mtelezo ukiongezeka ghafla bila mzigo kubadilika, ndipo utafute hitilafu.

Mashua za mbao na ngalawa zinahitaji mtazamo tofauti, kwa sababu hazipandi juu ya maji bali huyapasua, na urefu wake huweka kikomo cha mwendo. Chombo cha aina hiyo chenye urefu wa mita 7.5 kwenye maji huanza kugoma kikikaribia maili 6.6 za baharini kwa saa, na kuongeza mafuta baada ya hapo huinua tu wimbi la omo (mbele) na kuzamisha tezi (nyuma). Hapo chukua pichi ndogo kabisa inayopatikana kwa mashine yako, na kipenyo kikubwa ikiwa nafasi inaruhusu. Propela ya mapanga manne nayo husaidia, kwani hushika maji vizuri zaidi kwenye mwendo mdogo na wakati wa kuvuka mawimbi ya kusi, ila hupunguza mizunguko kidogo, hivyo huchukuliwa yenye pichi pungufu kwa inchi moja kuliko ile ya mapanga matatu.

Walio Ziwa Victoria wasinakili chaguo la mwenzao wa Mafia au Malindi. Ziwa hilo liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa hewa nyepesi ya kimo hicho mashine ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Boti na mashine zikiwa sawa, kule huhitajika pichi ndogo zaidi.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kosa ni la propela. Ubapa mlalo ulio juu ya propela unapaswa kuwa usawa na sakafu ya nje ya boti, au chini yake kwa kiasi kisichozidi sentimita 2.5. Mashine iliyofungwa juu sana hufanya propela ivute hewa, hasa kwenye kona na mawimbi, na mizunguko hupaa huku boti ikibaki pale pale. Dalili hiyo hiyo huletwa na mpira wa katikati ya kitovu unaoteleza. Ili kuutambua, chora mstari wa rangi unaovuka kutoka bushi ya ndani hadi kitovu cha nje, endesha boti kwa nguvu, kisha tazama: mstari ukiwa umekatika na pande zake kuachana, mpira umekwisha.

Kuhusu metali, chuma kisichoshika kutu ni imara na mapanga yake ni membamba, kwa hiyo hupata mwendo mzuri zaidi kidogo. Hata hivyo, kwa anayepita juu ya matumbawe maji yakiwa yamekupwa, mimi hupendekeza alumini bila kusita. Alumini ikigonga mwamba hupinda au kuvunjika yenyewe. Chuma hukataa kuvunjika, na kishindo hupelekwa kwenye shafti na gia, ambazo bei yake haifanani na ya propela.

Wakati wa kufunga, paka grisi isiyopotea majini kwenye meno ya shafti, rudisha washa (pete bapa za chuma) zote kwa mpangilio wake, kaza nati, na weka kipini kipya cha kuizuia isifunguke. Propela ikiwa nje, kagua nyuma yake kama kuna mshipi au uzi wa wavu uliojiviringisha kwenye shafti, maana uzi huo hukata sili (mpira wa kuzuia maji) taratibu, maji yakaingia kwenye oili ya gia na kuigeuza nyeupe kama maziwa. Propela ya zamani, kama bado ni nzima, ibaki ndani ya boti pamoja na spana, nati na vipini viwili vya akiba, na namba za majaribio yako ziandikwe kwa rangi ndani ya kifuniko cha mashine, mahali ambapo fundi ajaye ataziona.