Jeni au ini? Namna ya kupanga utafiti mdogo wa uchakataji wa dawa

Watu wawili wamemeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ya mg 20 asubuhi moja. Baada ya saa tatu unawatoa damu, na majibu yanafanana: dawa yenyewe imejaa, zao lake lililochakatwa ni haba. Wa kwanza ini lake ni zima kabisa, ila amerithi nakala mbili mbovu za jeni ya CYP2C19, inayotengeneza kimeng'enya cha ini cha jina hilohilo kinachochakata dawa hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Wa pili jeni zake hazina kasoro, lakini ini limejaa makovu. Ukiwa na karatasi ya maabara peke yake huwezi kujua yupi ni yupi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa famasia au tiba anayepanga utafiti wake wa kwanza wa aina hii. Jeni itakuonyesha ini lilizaliwa na uwezo gani. Kazi linayoifanya leo ni swali jingine, na lina vipimo vyake.

Hatua ya 1: Shika njia moja tu

Dawa nyingi hupitia vimeng'enya (protini zinazochakata dawa) viwili au vitatu, na ukizifuata zote utapotea. Chagua kimeng'enya kimoja na dawa ya kukipima. Mimi humwanzisha mwanafunzi na CYP2C19 kwa kutumia omeprazoli. Alele zake muhimu, yaani matoleo tofauti ya jeni hiyo, si nyingi na zinajulikana vizuri. Zaidi ya hapo, ini likiugua, vimeng'enya haviporomoki kwa pamoja. CYP2C19 hushuka mapema, CYP2E1 hushikilia hadi ugonjwa ukolee, na kazi ya kuunganisha dawa na asidi ya glukuroni hudumu muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mwenye kovu la ini huvumilia lorazepamu, inayoondolewa kwa kuunganishwa tu, kuliko diazepamu inayoitegemea CYP2C19 na CYP3A4. Kwa hiyo CYP2C19 itakuonyesha athari ya jeni na athari ya ini ndani ya utafiti mmoja.

Tumia dozi moja tu. Omeprazoli ikimezwa siku kadhaa mfululizo hukizuia kimeng'enya hichohicho unachotaka kukipima.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla hujaita mtu

Hapa ndipo tafiti nyingi ndogo hufia, tena kimyakimya. Tuseme alele ya *2, ambayo watu wa maabara huiita "nyota mbili", inabebwa na asilimia 15 ya nakala zote za jeni katika jamii unayoichunguza. Wenye nakala mbili mbovu watakuwa 0.15 × 0.15, yaani 0.0225. Katika watu 100 unawapata wawili, labda watatu. Wenye nakala moja mbovu ni 2 × 0.15 × 0.85, yaani 0.255, kama robo ya watu wote.

Sasa chukua wagonjwa 40 wenye kovu la ini. Ukizidisha 40 kwa 0.0225 unapata 0.9. Maana yake unategemea mtu mmoja mwenye *2/*2, na huenda asiwepo hata huyo. Ukiwa na mtu mmoja huwezi kusema lolote kuhusu jeni na ini zikikutana. Nimesoma mapendekezo ya utafiti yaliyoandikwa kwa ufasaha mkubwa ambayo hesabu hii ya mistari miwili ingeyazuia tangu mwanzo.

Dawa yake ni kugeuza mpangilio: soma jeni za watu wengi kwanza, kisha uwaite kwenye siku ya dawa kulingana na jeni zao, ili kila kundi lipate watu wa kutosha. Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba kuna hatua mbili, na ruhusa ya kuhifadhi vinasaba iwe na sahihi yake ya peke yake. Kamati ya maadili itaiuliza tu, bora uwe nayo mapema.

Hatua ya 3: Soma jeni, na usiiamini *1 kirahisi

Anza na alele tatu. *2 (rs4244285) huharibu ukataji wa ujumbe wa jeni, *3 (rs4986893) huweka alama ya kusimama kabla ya wakati, na *17 (rs12248560) huongeza utengenezaji wa kimeng'enya. Nakala isiyo na badiliko huitwa *1. Mwenye *1/*1 ni wa kawaida, *1/*2 ni wa kati, *2/*2 au *2/*3 ni mchakataji dhaifu, *1/*17 ni wa haraka, na *17/*17 ni wa haraka kupita kiasi. Mwenye *2/*17 huwekwa kwenye kundi la kati, kwa sababu nakala inayokimbia haifidii kikamilifu ile iliyokufa.

Kuna mtego hapa. Mashine haisomi *1. Inatafuta mabadiliko uliyoyaagiza, isipoyaona inaandika *1. Mtu mwenye badiliko la nadra ambalo hukulitafuta ataingia kwenye kundi la wazima, kisha utashangaa kwa nini anachakata polepole. Kwenye ripoti taja alele ulizozipima, usiandike "jeni ni ya kawaida" ukaishia hapo.

Usichukue pia aliyepandikizwa ini. Vinasaba vya damu yake ni vyake, lakini ini linalochakata omeprazoli lina jeni za aliyelitoa. Kwa aliyepandikizwa uboho ni kinyume chake: damu inasoma jeni za mtoaji, ini limebaki lake.

Hatua ya 4: Pima kazi ya ini

ALT na AST si vipimo vya kazi. Ni vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zikijeruhiwa. Mtu mwenye homa kali ya ini anaweza kuwa na ALT ya juu sana huku ini likiendelea kuchakata dawa kwa kiasi kizuri. Mwenye kovu la miaka mingi anaweza kuwa na ALT ya kawaida, kwa sababu seli za kuvuja zimebaki chache.

Tumia alama za Child-Pugh: bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huiondoa), albumini (protini inayotengenezwa na ini), INR (kipimo cha kuganda kwa damu), maji tumboni na kuchanganyikiwa kunakotokana na ini. Kila kimoja hupata alama 1 hadi 3. Mfano: bilirubini 2.4 mg/dl ni alama 2, albumini 3.0 g/dl ni alama 2, INR 1.5 ni alama 1, hana maji tumboni alama 1, akili timamu alama 1. Jumla 7, daraja B. Alama 5 na 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C.

Angalia mambo mawili kabla ya kujumlisha. Anayetumia warfarini INR yake imepandishwa na dawa, usiihesabie ini. Na yupo mtu ambaye bilirubini yake iko juu kidogo maisha yake yote kwa sababu ya alele ya jeni nyingine, UGT1A1*28, ini likiwa zima. Hapo jeni imevaa sura ya ugonjwa wa ini. Omba bilirubini itenganishwe: ikiwa karibu yote ni ile isiyounganishwa, na vipimo vingine viko sawa, usikimbilie kumpa alama.

Hatua ya 5: Uliza dawa, kisha uliza tena

Nilikuwa na mshiriki *1/*1, ini safi, hana homa. Uwiano wake wa omeprazoli na zao lake lililochakatwa ulitoka kama wa *2/*2. Nilirudia kipimo cha jeni, nikamlaumu fundi wa maabara moyoni, nikarudia tena. Swali langu kwenye dodoso lilikuwa: "Unatumia dawa yoyote sasa?" Alijibu hapana, na alisema kweli. Alikuwa amemaliza fluoksetini, dawa ya sonona, siku kumi nyuma. Dawa ile huzuia CYP2C19, na zao lake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho.

Tangu siku hiyo naandika: "Katika wiki sita zilizopita umemeza, umepaka au umechomwa dawa gani?" Ninaomba waje na pakiti zenyewe, na mitishamba nayo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume, huongeza vimeng'enya, na athari yake hubaki kama wiki mbili baada ya kuacha. Pima pia CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini. Uvimbe na maambukizi hushusha CYP2C19, kwa hiyo mwenye homa mpangie siku nyingine.

Hatua ya 6: Siku ya dawa

Mshiriki aje hajala tangu usiku. Ameze kidonge kizima kwa maji, asikitafune, maana ganda lake ndilo linaloikinga dawa na asidi ya tumbo. Wengi huchukua sampuli moja ya saa tatu. Mimi huongeza ya saa mbili na ya saa nne, kwa sababu kwa wengine ganda huchelewa kuyeyuka na saa tatu damu bado haina kitu.

Tumia mirija ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau, zungusha kwenye sentrifuji, hifadhi plazima kwenye nyuzi −80.

Kwenye maandalizi, kaa mbali na asidi. Omeprazoli huvunjika haraka ndani yake. Mwaka wangu wa kwanza niliweka asidi kidogo kwenye myeyusho wa kulinganishia, kwa mazoea tu. Nilipotoka chakula cha mchana nikakuta vichupa vimegeuka rangi ya zambarau. Nilishukuru ilikuwa myeyusho ule. Plazima ya mshiriki ingeharibika bila kuonyesha rangi yoyote, kwa kuwa dawa iliyomo ni kidogo mno.

Hatua ya 7: Chambua

Gawanya kiasi cha omeprazoli kwa kiasi cha 5-hidroksiomeprazoli, zao lake lililochakatwa. Uwiano ukiwa mkubwa, kimeng'enya ni dhaifu. Chukua logi ya uwiano kabla ya kuuingiza kwenye modeli, la sivyo watu wawili wenye namba kubwa watawaburuta wengine wote.

Weka jeni, weka alama za Child-Pugh, na weka pia kipengele cha kuzidisha jeni kwa ini. Hicho cha mwisho ndicho kiini cha kazi yote. Mwenye *2/*2 hana CYP2C19 ya kupoteza, kwa hiyo ugonjwa wa ini hauwezi kuisogeza njia hiyo mbali zaidi. Mwenye *1/*1 ana kila kitu cha kupoteza. Chora mistari ya makundi yote kwenye mchoro mmoja: daraja A itaonyesha pengo kati ya jeni, na kadiri unavyoelekea C mistari inatarajiwa kukaribiana. Ukiwaweka wagonjwa wa madaraja yote kapu moja, pengo hilo litapungua, nawe utaandika kwamba jeni haina athari kubwa.

Hatua ya 8: Rudisha majibu

Aliyekutwa na *2/*2 apewe barua, kwa sababu klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, huhitaji kimeng'enya hichohicho ili ianze kufanya kazi, na daktari wake anapaswa kujua kabla ya siku ya kuihitaji. Majibu ya ini yaandike kwenye karatasi ya pili, tarehe ya kipimo ikiwa juu kabisa. Yakiwa karatasi moja na ya jeni, baada ya miaka mitatu mtu atayasoma yote kana kwamba yamepimwa jana.